Je, mvua itanyesha Krismasi? Kisumu wana njia zao za kujua

WAKATI watu wa Ulaya wakibashiri iwapo theluji itaanguka siku ya Krismasi, wakazi wa Kisumu na vitongoji vyake huuliza swali jingine: mvua za vuli zitakuwa zimekatika?

Si swali la mzaha. Wengi husafiri kwenda mashambani sikukuu hiyo, na barabara za udongo za Nyando hazipitiki zikilowa.

Kisumu, iliyo karibu na Ikweta katika mwinuko wa mita 1,130 hivi, haina majira ya baridi. Mchana wa Desemba joto hukaribia nyuzi 30. Vuli, ambayo Waluo huiita opon, huanza Oktoba na kumalizikia Desemba. Kisha huja oro, yaani kiangazi. Krismasi huangukia mpakani.

Wazee husikiliza sauti nzito ya mumbi, arum-tidi kwa Kijaluo, ndege anayeaminiwa kutangaza mvua. Katika kaunti jirani ya Vihiga, ukoo wa Nganyi wa Bunyore umesifika kwa vizazi vingi kwa kusoma majani, maua, wadudu na vyura. Wataalamu hawakuwadharau. Kuanzia mwaka wa 2008, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha kanda cha ICPAC walishirikiana nao kulinganisha utabiri wa msimu na kuutangaza kwa pamoja. Ilikuwa busara, kwani mkulima husadiki upesi neno la mzee anayemjua.

Lakini mti wa Bunyore hauoni Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 2019 maji ya magharibi mwa bahari hiyo yalipata joto kupita kiasi, na vuli ikafurika. Mei 2020 Ziwa Victoria likapita rekodi ya 1964, iliyowekwa baada ya mvua kubwa za 1961.

Saa ya mvua nayo ina sababu yake. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, ukakutana na pepo za mashariki, na radi zikapiga alasiri milimani Nandi na Kericho. Usiku upepo hugeuka, na dhoruba huzuka ziwani kabla ya mapambazuko. Hiyo ndiyo saa ambayo wavuvi wa omena huwa majini na taa zao, wakitafuta fedha za sikukuu.