Inzi wa embe bivu na ubongo wa mtoto wako

Msimu wa maembe unapofika Ozi, karibu na pale Mto Tana unapoingia baharini, hakuna nyumba isiyo na inzi wadogo. Hata wewe msomaji wa mjini unawajua: ni wale wenye macho mekundu wanaozunguka embe au ndizi iliyoiva kupita kiasi. Si yule mkubwa zaidi anayetaga mayai ndani ya embe na kumtia mkulima hasara. Huyu mdogo, drosofila, ni mwalimu wa madaktari.

Je, anatufundisha nini? Seli ya neva ni kama mwembe: ina matawi, na kupitia hayo hupokea habari. Matawi hujengwa kwa protini, nazo hutengenezwa kwa kufuata maagizo ya jeni. Lakini si kila agizo hutekelezwa papo hapo. Zipo protini zinazofanya kazi ya mnyapara: huyazuia maagizo mengine mpaka zamu yao ifike.

Mnyapara mmoja hutokana na jeni ya FMR1, iliyogunduliwa kwa binadamu mwaka 1991. Drosofila naye ana jeni inayofanana nayo. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba funza wa inzi huyu asipokuwa nayo, neva zilizo chini ya ngozi yake huota matawi kupita kiasi. Ikizidishwa, matawi hupungua.

Kwa binadamu, jeni hiyo ikizimika huleta ugonjwa wa kromosomu X dhaifu. Mtoto huchelewa kusema, hupata taabu darasani, na huenda akakwepa kumtazama mtu machoni. Wavulana huathirika zaidi kwa kuwa wana kromosomu X moja tu.

Mara nyingi mtoto wa namna hii akionekana, mama hulaumiwa, au hutajwa uchawi na majini. Huo ni uonevu. Hakuna anayechagua jeni zake, na hata baba aweza kumrithisha binti yake kasoro hiyo bila kujua.

Hata hivyo, si kila mtoto mzito wa kujifunza ana ugonjwa huu. Malaria iliyopanda kichwani, uzazi wa taabu au masikio yasiyosikia vizuri huweza kuleta dalili kama hizo. Kwa hivyo mpeleke mtoto hospitali achunguzwe. Ugonjwa wenyewe hutambuliwa kwa kupima damu. Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini mazoezi ya kusema na mafunzo maalumu humsaidia sana mtoto yakianza mapema. Usingoje mpaka afike umri wa kwenda shule.