Kupenya na Kujichomeka: Usalama wa Mwendesha Baiskeli katika Foleni za Magari Mjini Isiolo

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Methali hii hutajwa mara nyingi kando ya barabara baada ya baiskeli kupondwa na mwenyewe kukimbizwa hospitalini, na ikishatajwa huwa kana kwamba mjadala umefungwa. Hata hivyo, wahenga hao hao walisema pia: tahadhari kabla ya hatari. Makala haya yanaegemea methali hii ya pili. Yanafafanua jinsi mwendesha baiskeli anavyoweza kuyapita kwa usalama magari yaliyosimama au yanayosogea polepole katika foleni, kwa kurejelea mji wa Isiolo. Hoja kuu ni kwamba upana wa nafasi anayoiona mbele yake haumhakikishii usalama. Usalama wake unatokana na kasi anayoingia nayo, kuonekana kwake na madereva, na kuwapo kwa mahali pa kurejea pindi foleni inapoanza kusonga.

Suala hili si dogo. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 walifariki duniani mwaka 2021 kutokana na ajali za barabarani. Zaidi ya nusu ya wanaofariki kwa njia hiyo ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hawa hawana bodi ya chuma ya kuwakinga. Mwili wenyewe ndio bampa.

Isiolo na Foleni Zake

Kwa miaka mingi Isiolo ulijulikana kuwa mji ambapo lami iliishia. Msafiri wa kwenda Marsabit na Moyale aliiaga lami hapo na kuingia katika vumbi na kokoto. Hali hiyo ilibadilika katika miaka ya 2010, barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa takribani kilomita 500, ilipowekwa lami kwa awamu. Barabara hiyo ni sehemu ya njia kuu iunganishayo Cairo na Cape Town, nayo inapita mjini humo. Kwa sababu hiyo, malori ya trela yanayoelekea mpaka wa Ethiopia, matatu za Meru na Nanyuki, pikipiki, mikokoteni, mifugo na baiskeli hukutana katika ukanda mmoja wa lami.

Foleni ya mji wa aina hii haifanani na ile ya Nairobi, ambayo huweza kudumu kwa saa nzima. Huzaliwa ghafla na kufa ghafla. Lori linasimama kushusha bidhaa, matatu inachukua abiria, magari yanapunguza kasi kwenye tuta, au kundi la mbuzi linavuka. Sifa hii ndiyo inayoifanya iwe ya hatari kwa mwenye baiskeli. Foleni ndefu ya jiji humpa muda wa kutafakari. Foleni fupi huanza kusonga yeye akiwa bado katikati yake.

Vitenzi Viwili

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyoweza kulifafanua jambo hili kuliko mchoro wowote. Kupenya ni kupita mahali pembamba. Mwanga hupenya kiooni, na kioo kikabaki kilivyokuwa. Kujichomeka ni kujitia mahali ambapo hapakuwa na nafasi, hivyo kuwalazimu waliokuwapo wasogee. Mwendesha baiskeli aliyepenya huyapita magari bila dereva yeyote kulazimika kufunga breki wala kuukata usukani. Aliyejichomeka huwa amepita kwa hisani ya dereva aliyemwona kwa bahati.

Tofauti hii si ya msamiati tu. Ni kipimo anachoweza kukitumia mtu yeyote kabla ya kuingia katika foleni: je, endapo hakuna dereva hata mmoja atakayeniona, nitapita salama? Jibu likiwa la, hapo hapana pa kupenya. Heri abaki nyuma ya gari lililo mbele yake, katikati ya njia, ambapo aliye nyuma anamwona vyema.

Hesabu ya Kasi

Kosa la kwanza hutokana na kasi. Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa husafiri takribani mita 5.6 kila sekunde. Binadamu huhitaji kama sekunde moja kutambua hatari na kuanza kufunga breki. Kwa hiyo, mlango wa gari ukifunguliwa mita nne mbele yake, mwendeshaji atakuwa ameugonga kabla vidole havijabana breki. Akiwa katika kilomita 10 kwa saa, umbali huo hupungua hadi mita 2.8, na nafasi ya kujiokoa hupatikana. Kanuni inayofaa ni kupita magari yaliyosimama kwa kasi isiyozidi ile ya mtu anayekimbia polepole.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kasi inayohusika hapa ni tofauti kati ya vyombo viwili. Tuchukue lori la trela lenye urefu wa mita 15. Likiwa limesimama, baiskeli ya kilomita 10 kwa saa hulimaliza kwa sekunde tano hivi. Lori hilo likianza kusogea kwa kilomita 5 kwa saa, muda huo huongezeka hadi sekunde kumi na moja. Likifikia kilomita 10 kwa saa, baiskeli haitalipita kamwe. Itabaki ubavuni mwake, magurudumu yakizunguka karibu na goti la mwendeshaji. Aliyeanza kupenya foleni ikiwa imetulia hujikuta amenaswa bila yeye mwenyewe kubadilisha lolote.

Fauka ya hayo, uzito wa mzigo hubadilisha hesabu yote. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Anayebeba mitungi minne amebeba kilo 80, yaani kama abiria mzima, na baiskeli yake imekuwa pana na nzito kusimamisha. Huyu apaswa kuihesabu foleni kuwa ukuta.

Upande wa Kupitia

Nchini Kenya magari huendeshwa upande wa kushoto, na dereva huketi kulia. Wengi hudhani kwamba ukingo wa kushoto ndio makao ya baiskeli, hivyo ni salama wakati wote. La hasha. Mlango wa abiria wa matatu hufunguka upande huo huo wa kushoto, na abiria hushuka bila kutazama nyuma. Magari yanayokata kuingia kwenye maduka na vituo hukatia hapo. Upande wa kulia, kwa upande wake, dereva anatarajia kupitwa na kioo chake kipo karibu naye, lakini katika barabara ya njia mbili huko ndiko yanakotokea magari yanayokuja.

Kwa mintarafu hii, hakuna upande ulio salama kwa asili. Penye matatu zinazoshusha abiria, ni vyema kusubiri. Penye magari yanayokuja kutoka mbele, upande wa kulia hauna nafasi ya kupenya. Ikumbukwe pia kwamba gari lililosimama huwa limesimama kwa sababu. Huenda mtoto anavuka mbele yake, au mbuzi. Anayelipita bila kuijua sababu hiyo huifahamu baada ya kugongana nayo.

Ubavu wa Lori

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ipo ubavuni mwa lori, hususan kushoto. Dereva ameketi juu, upande wa kulia, na sehemu kubwa ya ubavu wa kushoto haionekani kwake. Lori linapokata kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Huikata kona kwa ndani zaidi. Nafasi iliyoonekana pana mwanzoni hujifunga kama mkasi. Jiji la London, ambako pia magari huendeshwa kushoto, limepoteza waendesha baiskeli kadhaa kwa namna hii. Ndiyo maana, kuanzia mwaka 2021, malori yenye uzito unaozidi tani 12 yalianza kutakiwa kuwa na kibali kinachotegemea kiwango cha dereva kuona nje ya kibanda chake, au kufungwa vifaa vya ziada vya usalama. Jiji hilo halikuridhika na kuwahimiza waendesha baiskeli wajihadhari. Liligusa pia chanzo cha upofu.

Lipo jaribio rahisi la kutumia popote: ikiwa uso wa dereva hauonekani kiooni mwake, naye hamwoni mwendeshaji. Kengele haitoshi, kwa kuwa vioo vikifungwa na injini ikinguruma haisikiki. Pamoja na jaribio hilo, zipo dalili kwamba foleni inakaribia kusonga: taa za breki zinazimika, hewa ya breki za lori inafoka, moshi unaongezeka, na utingo anapiga bodi ya matatu huku akirukia mlangoni. Anayeziona dalili hizi arejee mara moja katika mstari, nyuma ya gari lililo karibu. Kwa hivyo, kabla ya kuliacha pengo moja, awe tayari ameliona jingine la kurejea.

Ipo hatari inayotoka nyuma pia. Neno bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli zilizobeba abiria katika mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, katika miaka ya 1960. Pikipiki zililirithi baadaye. Zimerithi pia nafasi zilizo baina ya magari, nazo hupita humo kwa kasi kubwa zaidi. Kutazama nyuma na kunyosha mkono kabla ya kuhama mstari ni wajibu usiokwepeka. Aidha, giza likiingia, baiskeli isiyo na taa wala kiakisi mwanga haina haki ya kutarajia kuonekana.

Wajibu wa Wengine

Itakuwa dhuluma kumtwika mwendesha baiskeli mzigo huu peke yake. Dereva anayetazama kioo kabla ya kufungua mlango, utingo anayechungulia kabla ya kushusha abiria, na mwenye lori anayeshusha bidhaa nje ya ukingo wa lami huokoa maisha bila gharama. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika miji. Kuizingatia huwapa wote nafasi ya kurekebisha kosa la mmoja. Nao wapangaji wa mji wanajua kuwa baiskeli ikipewa njia yake, swali la kupenya hupungua lenyewe.

Hitimisho

Penye nia pana njia, husema Waswahili. Katika foleni ya magari methali hii yahitaji kusomwa kwa uangalifu, maadamu penye nafasi si lazima pawe na njia. Anayesubiri nyuma ya lori hupoteza dakika mbili, na maji aliyobeba hufika nyumbani. Anayejichomeka huenda akaziokoa dakika hizo mara mia moja, na mara ya mia na moja nyumbani wakamngoja yeye pamoja na maji yake hadi usiku. Ajali huenda haina kinga, ila mwenda pole hajikwai, na hata akijikwaa haanguki mbali.