Kariakoo: Kila Chumba Kimegeuka Frem

Kariakoo siku hizi inalaza mizigo kuliko watu. Pita usiku Mtaa wa Kongo au Mchikichi, halafu inua macho. Ghorofa ya pili, ya tatu, ya nne, madirisha yamezibwa na marobota na maboksi ya viatu. Vyumba vingi kati ya hivyo vilijengwa watu waishi, vina jiko na choo ndani. Ila stoo inalipa kuliko familia, kwa hiyo familia imehamia Chanika na Mbagala, mzigo umebaki mjini.

Naipenda Kariakoo kinoma. Mishe zangu ziko pale, washkaji zangu wako pale, na nguo niliyovaa leo nimeitoa pale. Ndiyo maana inaniuma nikiona mtaa wa watu unageuka ghala.

Nyumba za zamani bado zipo, chache. Kata Mtaa wa Narung'ombe au Sikukuu taratibu, utaikuta moja imebanwa na maghorofa mawili. Ni ile ramani ya Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Kuna moja huwa napita kumsalimia bibi mwenye nyumba. Barazani kwake dogo mmoja kapanga meza ya chaja na kava za simu. Kwenye korido pochi zimetundikwa kwenye misumari mpaka juu, lazima upite kiubavu. Uani, maji ya viyoyozi vya jirani yanadondokea bati mchana kutwa, na jua linafika saa sita mchana tu, likitoka hapo ndiyo basi tena.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pita, ila usikanyage mzigo wa watu."

Ndani ya nyumba yake mwenyewe, bibi anachunga mzigo wa watu. Kodi ya hizo pochi ndiyo inamlisha, na hataki kuhama. Nikimuuliza kwa nini, ananionyesha kwa kidole msikiti anaoswalia tangu alipoolewa.

Mitaa ya Kariakoo iliyonyooka ilipimwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakaja Waingereza, na vita ilipoisha soko likaanza kuchangamka miaka ya 1920. Viwanja vikawa vya Waswahili, na nyumba ikawa ya vyumba sita: mwenye nyumba chumba kimoja, vingine wapangaji, Mzaramo mlango huu, Mnyamwezi ule, Mmanyema kule. Jioni wote barazani, bao na kahawa. Usidharau hayo mabaraza. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa mkuu wa soko la Kariakoo enzi za mkoloni, ni mmoja wa walioasisi TANU mwaka 1954, na harakati nyingi za uhuru zilipikwa kwenye nyumba za mitaa hii hii. Watu walikutana kwa sababu kulikuwa na mahali pa kukaa bure. Leo nitajie sehemu moja Kariakoo unayoweza kukaa nusu saa bila kununua kitu wala kufukuzwa.

Nyumba inageukaje ghorofa? Hesabu yake watoto wa mjini wanaijua. Mzee anafariki. Watoto saba, kiwanja kimoja. Mmoja anataka kubaki, mwingine ana deni, wa tatu yuko Mwanza anataka chake haraka. Dalali keshanusa, yuko mlangoni hata arobaini haijapita. Hapo njia ni mbili: kuuza mkagawana mkwanja, au kuingia ubia, tajiri anajenga na nyinyi mnapewa frem kadhaa au ghorofa moja. Wanaoingia ubia wakiwa na wakili wao hutoka na kitu cha maana. Wanaosaini karatasi waliyosomewa na dalali, wengi wanaishia kuiangalia frem ya urithi ikiwa na jina la mtu mwingine. Siwalaumu waliouza. Umaskini una sauti, na kiwanja cha Kariakoo kina bei.

Biashara nayo imebadilika vibaya mno. Zamani ulihitaji mtaji. Leo msela anaingia mjini na simu na miguu, anakuwa winga. Anasimama Kongo anaita, "Boss wangu, unatafuta nini? Njoo nikupeleke kwenye chimbo." Anakuzungusha Aggrey kwenye simu, Uhuru kwenye vitenge, Gerezani kwenye vipuri, na kwenye kila bei anaweka cha juu chake. Wajanja wa sasa hata hawasimami juani. Wanaingia laivu TikTok na Instagram katikati ya duka la mtu, wanaonyesha mzigo, mteja yuko Songea anatuma hela, boda anaupeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi, asubuhi yake mzigo uko njiani. Nawaheshimu hawa madogo. Wamejiajiri kabla hajatokea mtu wa kuwaajiri. Ila uliza winga yeyote anaishi wapi: geto Gongo la Mboto, geto Kimara. Anaamka saa kumi kuwahi usafiri, anarudi saa tano. Pale mjini anapouza hawezi kulala.

Na ule mji wenyewe umepigwa mapigo kweli kweli. Usiku wa Julai 10, 2021, moto ulilishika Soko Kuu, lile la miavuli ya zege alilolichora Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Amuli alikuwa Mtanzania aliyeufikiria mji wake: paa limekatwa ili lipitishe hewa na kukinga maji ya mvua, na chini Shimoni kwa ajili ya mzigo wa jumla. Wafanyabiashara wakatawanyika, wengine Kisutu, wengine Machinga Complex. Serikali ikaweka bilioni 28 na ushee kulikarabati na kujenga jipya pembeni yake. Oktoba mwaka ule ule machinga wakaondolewa barabarani. Mei 2023 maduka yakafungwa siku kadhaa, watu wamechoka na mambo ya kodi na usajili wa stoo, mpaka Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kusikiliza. Mapema 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24, taa na kamera mitaani.

Halafu kuna Novemba 16, 2024. Jumamosi asubuhi, watu wamefungua maduka, ghorofa kwenye kona ya Mchikichi na Kongo likashuka lote. Waliokuwa chini ya kifusi walipiga simu kwa ndugu zao wakiwa hai. Zaidi ya watu 80 waliokolewa, wasiopungua 29 walikufa. Waliokuwepo walisema chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kuchimba ili kupanua eneo la biashara, huku juu watu wanauza kama kawaida. Na tulishaonywa. Machi 2013 ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, lilianguka likaua zaidi ya watu 30.

Hapa ndipo habari ya stoo inapoacha kuwa ya mabaraza na bao. Tamaa ile ile iliyotoa familia chumbani imeingia mpaka kwenye msingi wa jengo. Juu pamejaa, pembeni pamejaa, basi mtu anachimba chini. Anayepata kodi hayupo pale. Anayesimama pale ni winga, ni dada muuza duka wa laki na nusu kwa mwezi, ni kuli mwenye robota kichwani, ni mama lishe aliyeweka sufuria kwenye ngazi.

Jiji lina kazi ya kufanya: kila kibali cha ghorofa Kariakoo kiwe na ghorofa za kuishi ambazo ni marufuku kuzigeuza stoo, na ukaguzi ufanyike wakati jengo lina watu, isiwe siku ya kukata utepe peke yake. Wenye viwanja, msisaini ubia bila wakili wenu.

Na wewe mwanangu unayetafuta frem, kabla hujatoa kilemba, shuka mpaka chini kabisa ya hilo jengo, kagua nguzo, uliza nani anachimba na kwa kibali gani. Ukiona ufa mpya ukutani au ukisikia nyundo chini ya miguu yako, acha mzigo, toa watu, kisha piga Zimamoto. Namba yao ni 114.