Upachikaji wa Thamani na Ulinganishaji katika Kauli Sharti za Lugha ya Java

Katika lugha ya Java, alama = hupachika thamani ya upande wa kulia katika kigeu kilicho kushoto, ilhali alama == hulinganisha pande mbili na kutoa jibu la true au false. Tofauti hiyo hufundishwa mapema. Hata hivyo, athari yake katika kauli sharti hupuuzwa kwa kudhaniwa kwamba Java imekwisha kuliondoa tatizo hili. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli.

Robert Recorde alipoibuni alama = mwaka 1557, aliikusudia iwe ya usawa. Fortran, iliyotolewa mwaka 1957, iliitumia kupachikia thamani; Algol 60 ikairudishia usawa na kuweka := kwa upachikaji. Lugha za B na C zilishika njia ya Fortran na kuuachia usawa alama ==. Java, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, ilizirithi alama za C.

Haikurithi kila kitu. Katika C, sharti laweza kuwa namba: sifuri huhesabiwa uongo, namba nyingine yoyote kweli. Hatari yake ilidhihirika Novemba 2003, pale mistari miwili ilipopenyezwa katika nakala ya msimbo wa kiini cha Linux. Ndani ya sharti kulikuwa na current->uid = 0. Kwa msomaji wa haraka huo ulikuwa ukaguzi wa utambulisho wa mtumiaji. Kwa hakika ulimpa mtumiaji mamlaka yote ya mfumo. Hila hiyo iligunduliwa kwa kuwa nakala haikulingana na hazina kuu.

Kauli ya namna hiyo isingepita katika Java, kwa sababu sharti lazima liwe la aina ya boolean, na upachikaji wa namba huzaa namba. Kompaila huikataa. Lakini kigeu chenyewe kikiwa boolean, kinga hiyo hutoweka:

boolean salama = kaguaMzio(mgonjwa, dawa);
if (salama = true) {
    toaDawa(mgonjwa, dawa);
}

Hapa jibu la ukaguzi hufutwa kabla halijasomwa, na dawa hutolewa kwa kila mgonjwa. Jaribio litakalomtumia mgonjwa asiye na mzio litafaulu. Ni yule mwenye mzio tu atakayelifichua kosa.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, usomaji wa alama hizi una uzito wake. Wanafunzi wakisoma = kuwa “ni”, sentensi “ikiwa salama ni kweli” husikika sahihi, na kosa hujificha ndani ya sarufi nzuri. Wakiisoma kuwa “iwe”, hupatikana “ikiwa salama iwe kweli”, tungo ambayo sikio huikataa papo hapo. Usomaji wa pili unafaa zaidi darasani, kwani upachikaji ni amri, si taarifa.

Tiba iliyo bora ni kuandika if (salama) bila kulinganisha chochote. Kigeu kikitangazwa final pamoja na thamani yake, kompaila itazuia upachikaji mpya. Desturi ya kutanguliza thamani isiyobadilika, yaani true == salama, husaidia pia, ila haifui dafu pale pande zote mbili zinapokuwa vigeu; tena humlazimisha msomaji kusoma kinyumenyume.

Kupiga marufuku upachikaji wote ndani ya masharti kungekuwa kupita kiasi. Usomaji wa faili mstari kwa mstari huandikwa kwa kawaida hivi:

while ((mstari = msomaji.readLine()) != null)

Upachikaji huu ni wa makusudi, na mabano ya ndani ni ya lazima. Yakiondolewa, != hutangulia kutekelezwa, na Java hujaribu kupachika boolean katika kigeu cha maandishi. Hapo kompaila hukataa.