Ibrahim El-Salahi: Mchoraji Aliyezika Michoro Mchangani

Msomaji, huenda umewahi kuona picha usiyoweza kusema hii ni nyumba au huyu ni ng'ombe, ukaguna, "Hata mtoto wa nasari angechora hii!" Sanaa hiyo huitwa sanaa dhahania. Ibrahim El-Salahi wa Sudani, bingwa wake, alionja dharau ya namna hiyo.

Alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Babake alifundisha madrasa, na huko ndiko mtoto alikoanza kuandika na kupamba mbao za Kurani. Mwaka 1954 hadi 1957 alisomea sanaa Slade, London. Aliporudi, alionyesha picha zake Khartoum. Watu wakaja siku ya kwanza, basi, hawakurudi tena. Mwingine angewaita washamba. Yeye alifunga safari kuzunguka nchi, akitazama mapambo ya nyumba, mikeka na vibuyu. Ndipo akaanza kutia herufi za Kiarabu pichani, kwanza pembeni tu, kisha akazivunjavunja hadi zikatoka nyuso, wanyama na mimea.

Alichora pia picha za vitabuni. Tafsiri ya Kiingereza ya hadithi ya Tayeb Salih kuhusu arusi ya Zein, katika mfululizo wa Heinemann tunaoujua maktabani, ina picha zake.

Septemba 1975, akiwa mkubwa katika Wizara ya Utamaduni, alikamatwa kwa kudhaniwa kuwa adui wa serikali. Alikaa gereza la Kober kama miezi sita bila kushtakiwa. Kalamu ilikuwa marufuku. Ukipatikana nayo, unafungiwa peke yako. Hebu fikiria, mchoraji! Basi alichora kwa siri kwenye vipande vya karatasi, akavizika mchangani. Kipande kimoja hakikutosha picha, kwa hivyo alianza na kidogo, akaongeza kingine ubavuni.

Alipoachiliwa mwaka 1976, alijaza daftari zima michoro ya gerezani. Baadaye akahamia Qatar, na mwaka 1998 Oxford, Uingereza. Lakini mtindo wa Kober hakuuacha. Picha yake maarufu ya mwaka 1984 na 1985, "The Inevitable", ni karatasi tisa za wino mweusi zilizounganishwa. Mwaka 2013 Tate Modern ya London ikafanya maonyesho makubwa ya kazi zake za maisha.

Uzeeni, mgongo ukimuuma, alichora kwenye pakiti za dawa zake za maumivu.