Mvua Inatoka Wapi? Tuwajibu Watoto Wetu

Ndugu wanachama, mtoto wa miaka saba akikuuliza, "Mama, mvua inatoka wapi?" wengi wetu tunamjibu, "Juu. Wacha maswali." Tusifanye hivyo. Jibu analo hapo hapo jikoni.

Kwanza, hewa. Shindilia karatasi kavu ndani ya glasi, mpaka chini kabisa. Igeuze kichwa chini, kisha izamishe wima ndani ya karai la maji. Ukiitoa, karatasi bado ni kavu! Kwa nini? Glasi haikuwa tupu, hewa iliyojaa ndani ilizuia maji. Hewa hiyo ikitembea, tunaiita upepo.

Pili, maji. Chemsha maji, kisha funua sufuria. Mwonyeshe mtoto matone kwenye kifuniko. Maji yalipanda yakiwa mvuke, yakakutana na kifuniko chenye baridi kidogo, yakarudi kuwa maji. Jua linafanya kazi hiyo hiyo baharini, mitoni, hata kwenye nguo ulizoanika. Huko juu kuna baridi, mvuke unageuka matone madogo sana, nayo ndiyo mawingu. Matone yakiungana na kuwa mazito, yanaanguka.

Hapa Kenya, mvuke mwingi huletwa na upepo kutoka Bahari Hindi. Ndiyo maana hali ya bahari inatugusa hata sisi wa mbali. Mwaka 1997 bahari ya upande wetu ilipata joto kupita kawaida, tukaona mafuriko ya El Niño. Kuanzia mwisho wa 2020, sehemu kame zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo.

Sasa faida yake. Mtoto aweke mkebe ulionyooka mahali pa wazi, mvua ikiisha apime maji kwa rula. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba. Basi mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita 5 kwa 4 ni lita 200, yaani mitungi 10 ya lita 20! Hata kidogo kikimwagika, hiyo ni safari ngapi za mtoni?

Maji ya kwanza yaacheni yaoshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo mkinge. Ya kunywa, chemsheni.

Kwa mkutano ujao: hesabuni ni nyumba ngapi za wanachama zina mabati lakini hazina mifereji. Anzieni hapo, kabla ya Oktoba.