Fahamu: Malengelenge ya sehemu za siri, upime lini?

Umefanya ngono bila kondomu na una wasiwasi wa malengelenge ya sehemu za siri? Kipimo cha damu cha kesho yake hakitakusaidia: kingamwili huchukua wiki kadhaa, pengine miezi 3, kuonekana.

Dalili. Zikitokea, kwa kawaida ni ndani ya siku 2 hadi 12: muwasho, malengelenge, vidonda vinavyouma. Wengi hawaoni dalili, lakini huambukiza. Kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, kwani virusi hupita hata kwenye ngozi isiyofunikwa.

Kipimo. Ukiona kidonda, nenda kituo cha afya kabla hakijakauka, ili kipimwe. Hata hivyo, Kasulu, kama kwingineko nchini Tanzania, zahanati kwa kawaida hutibu kwa kufuata dalili. Dawa ya asaikloviri hupunguza makali, haiondoi virusi mwilini.

VVU. Virusi vya HSV-2, vinavyosababisha malengelenge haya, huongeza hatari ya kupata VVU karibu mara 3. Utafiti wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa 2008, ulionyesha kuwa kumeza asaikloviri kila siku hakuzuii VVU.

Kwa hiyo usingoje kidonda. Dawa za kujikinga na VVU huanzwa ndani ya saa 72 baada ya ngono hiyo. Wahi kituoni leo.